Nakshi za Adagio ya Mozart: zipime kwa pumzi moja

Kwa wapiga klarineti: katika Adagio (sehemu ya polepole) ya koncheto ya Mozart ya klarineti na okestra (K. 622 katika orodha ya kazi zake, ya 1791), okestra inaponyamaza kabla ya lahani ya mwanzo kurudi, tunga nakshi fupi, yaani noti za urembo za kwako mwenyewe, inayotosha pumzi moja tu, ikomee kwenye noti inayokuingiza kwenye lahani. Quantz, mpiga filimbi wa Kijerumani, alishaagiza hivyo kwa ala za kupuliza mwaka 1752. Akodi (noti zinazolia pamoja) ya pale iko njiani bado, na sikio linasubiri ifike. Ukivuta pumzi ya pili, msikilizaji anasahau alikuwa anasubiri nini. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniharibia.

Mwanzoni kabisa usiongeze kitu. Lahani ikirudi, noti moja au mbili za kuunganishia zinatosha, tena kwa sauti ya chini. Kusema kweli, mara nyingi naiacha tupu, na ndivyo inavyonigusa zaidi.

Pumzi moja haisaidii ukiijaza noti za mbio ili zienee. Kwenye ukumbi wenye mwangwi mrefu pia zitavurugana, punguza nusu. Na kwenye mtihani, uliza kwanza kama nakshi zinaruhusiwa.