Kata Kabla ya Jibu: Kutangaza Mchezo wa Nyimbo kwa Video za Simu

Assalamu alaykum wanakikundi. Somo hili ni la wenye mchezo wa kuigiza wa nyimbo ulioiva, ukumbi umeshapatikana, kilichobaki ni kujaza viti. Kazi ya video ni kumfanya mtu ashindwe kukaa nyumbani. Ukimwonesha mchezo mzima kwenye simu, umeshamkata hamu.

Hatua ya kwanza: chagua ubeti. Hapa msifanye haraka. Sisi tumelelewa na taarabu, mafumbo na majibizano tunayajua. Tafuteni pahala ambapo mhusika mmoja anamrushia mwenzake fumbo na mwenzake anageuka kujibu. Tuseme mke mkubwa anaimba habari za mgeni aliyeingia ndani na viatu. Mke mdogo anatua sinia, anajifunga kanga upya, anavuta pumzi. Kata hapo hapo! Jibu liko ukumbini. Maliza kwa maandishi: siku, pahala, saa, kiingilio. Watu wenyewe watabishana fumbo lilimlenga nani na mwenzake atajibu nini, na mabishano hayo ndiyo yanayoisukuma video. Sekunde 30 hadi 45 zinatosha.

Hatua ya pili: rekodi siku ya mazoezi ya mwisho, watu wakiwa na mavazi kamili. Usiku wa onyesho utabaki nyuma ya vichwa vya watazamaji. Mazoezini unapanda jukwaani, unashika simu wima karibu na uso wa mwimbaji, na akikosea anarudia.

Hatua ya tatu: sauti. Video nyingi za vikundi vyetu hufia hapa. Simu iliyo karibu na dumbaki au spika kubwa hurekodi mngurumo mtupu. Tumieni simu mbili, moja ya picha, nyengine ya sauti tu, na hii ya pili iwe karibu zaidi na mwimbaji kuliko ngoma. Zikishaanza zote mbili, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mtalinganisha kofi linaloonekana na kofi linalosikika, na midomo itakwenda sawa na wimbo. Kwenye viwanja vya wazi kama Ngome Kongwe, jihadharini na upepo wa bahari. Kipande chembamba cha sponji juu ya maiki husaidia sana.

Hatua ya nne: andikeni maneno ya ubeti juu ya picha. Wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, wako kazini au kwenye daladala.

Hatua ya tano: rusheni. Waigizaji wote waweke kwenye status ya WhatsApp siku moja, kisha TikTok na Instagram. Faili iwe nyepesi, watu wananunua bando. Anzeni wiki mbili kabla, na kila video iwe na fumbo lake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, watu wakishaona bure, watalipa kweli?* (Wete)

Watalipa, mkiwaachia kiu. Miaka ya 1970 kule Broadway, New York, mchezo wa Pippin ulitangazwa kwenye televisheni kwa dakika moja ya dansi, na watu wakaambiwa zilizobaki wakazione jukwaani. Tiketi ziliuzwa sana. Na hapa kwetu, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay, India, mwaka 1928, na santuri zikalipeleka jina lake pwani nzima.

*Mwimbaji wetu bora hataki uso wake uonekane mtandaoni. Tumshawishi?* (Makunduchi)

Hapana, dada yangu. Hiyo ni haki yake, tena nyumbani kwake kuna watu wa kuheshimiwa. Onesheni vidole kwenye nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu, pindo la kanga, miguu ikikanyaga mbao, na sauti yake juu ya vyote. Sauti nzuri bila uso huwavuta watu kuja kumjua mwenyewe.

*Tumetumia wimbo wa zamani wa taarabu ndani ya mchezo. Tuurushe?* (Chake Chake)

Kwanza ulizeni ruhusa kwa mwenye wimbo na muende COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Mitandao ina programu inayotambua nyimbo zilizorekodiwa, na video inaweza kuzimwa sauti siku mnayoihitaji. Bora mrushe wimbo mlioutunga wenyewe.

*Video yetu ilitazamwa sana lakini ukumbi ulikuwa nusu. Tumekosea wapi?* (Unguja mjini)

Someni maoni muone watazamaji wako wapi. Ndugu zetu wa Muscat na London wanatupenda, lakini Jumamosi usiku hawawezi kufika. Mkilipia tangazo, chagueni lionekane Unguja peke yake, au Pemba kama ndiko mnakocheza, na sekunde tatu za mwanzo zitaje mtaa wa ukumbi. Hao wa mbali waombeni wawatumie klipu jamaa zao waliopo hapa.