Jinsi ya kumwandalia mbunge swali la zahanati ambalo waziri hawezi kulikwepa

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa mbunge katika jimbo moja hapa mkoani Dodoma. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na kazi yenyewe ilikuwa pale kibarazani. Kila Jumatatu nilikuta watu wameshajipanga kabla sijafungua kufuli: ada za watoto, misiba, ng'ombe aliyegongwa na lori, na zahanati. Zahanati ndiyo iliyoongoza.

Watu wa zahanati walikuja na barua zinazofanana utadhani zimeandikwa na mkono mmoja. "Mheshimiwa, tunaomba utusaidie dawa." "Mheshimiwa, tunaomba utukamilishie boma letu." Nilizipokea, nikazipiga muhuri, nikaziweka kwenye faili. Sipo kazini tena, kwa hiyo naweza kusema: nyingi ziliishia humo humo. Haikuwa dharau. Barua inayomwomba mtu kitu asichokuwa nacho haina pa kwenda.

Mbunge hana pesa ya afya, na hata akitaka kuiongeza bungeni hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba imemfunga: jambo lolote la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina lazima lipendekezwe na Rais na kuletwa na waziri. Mfuko wa Jimbo upo, ule wa sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni yeye mbunge. Lakini ukishaugawa kata kwa kata, kila kijiji kinaambulia mifuko ya saruji ya kuhesabu kwa vidole. Anachobaki nacho mbunge ni mdomo wake: swali, mchango, na ile shilingi nitakayoieleza mbele. Kwa hiyo msimpelekee ombi. Mpelekeeni swali lililokwisha kuiva.

Kuivisha swali kunaanzia benki. Hili nililijifunza kwa aibu.

Kijiji kimoja kilikuwa kimejenga boma la zahanati kwa nguvu zake, tofali za kuchoma na mchanga wa korongoni, mpaka kwenye lenta. Mwaka ule bajeti ikawatengea shilingi milioni 50 za kumalizia. Miezi ikapita, hawakuona fundi. Wazee wakaja kibarazani: hela hazijafika. Nikaandika swali, Mheshimiwa akalipeleka, likapangiwa siku. Siku hiyo nikawaalika wazee wanne tuangalie Bunge ofisini kwenye runinga, na soda nikanunua mimi. Naibu Waziri akasimama, akasoma taratibu kabisa: fedha hizo zilishapelekwa kwenye akaunti ya zahanati, na tarehe akaitaja. Miezi minne nyuma! Mzee mmoja aliweka chupa yake chini polepole kama vile ingelia. Saa saba mchana simu ikaita. "Katibu," Mheshimiwa akaniambia, "leo umenivua nguo."

Ilikuwa kweli. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa amehamishwa, aliyekuja hakukabidhiwa vizuri, na taarifa ya benki ilikuwa kwenye droo. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 vituo vya afya na zahanati vinapokea sehemu ya fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na ujenzi wa fosi akaunti, yaani ule wa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, unapitia huko huko. Maana yake hela inaweza kuingia pasipo diwani wala mwenyekiti wa kijiji kujua. Kwa hiyo kabla ya kalamu, kamati ya zahanati iombe taarifa ya benki ya miezi 12 na ipitie mstari kwa mstari. Mkinyimwa, simameni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa pale kila miezi mitatu, na hela za zahanati msiziruhusu zirukwe.

Mkishajua hela iko wapi au haiko wapi, jiulizeni ni mfuko wa nani. Hapa wengi wanapotea, na mimi nilipotea mara mbili mwaka wangu wa kwanza. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri viko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Swali la jengo, watumishi au gari la wagonjwa la ngazi hizo liende huko. Hospitali za rufaa, kuanzia ile ya mkoa tunayoiita General mpaka Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ni za Wizara ya Afya. Kwenye vitabu vya bajeti kila ofisi ina namba ya fungu lake la fedha: TAMISEMI ni Fungu 56, Afya ni Fungu 52, na mkoa wetu wa Dodoma ni Fungu 72. Andikeni namba hizo ukutani. Swali la zahanati likipelekwa Afya linazungushwa, na mkutano wa Bunge unaisha bado liko njiani.

Dawa ni habari nyingine, maana hela ya dawa haiji kijijini kama noti. Fedha ya Serikali inakwenda Bohari ya Dawa, MSD, na kila kituo kina akaunti yake kule. Kwa hiyo "hatuna dawa" si swali, ni kilio. Mwambieni mfawidhi awaonyeshe vitu vitatu: maombi waliyopeleka MSD, ankara ya walicholetewa, na salio la akaunti. Kama mliomba aina 60 zikaja 35 huku salio likiwepo, tatizo ni bohari. Kama salio ni sifuri, tatizo ni Hazina au makusanyo yenu wenyewe. Kama zilikosekana bohari na zahanati ina hela zake benki, muulizeni mfawidhi kwa nini hakwenda kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo dawa zinazokosekana MSD. Utaratibu huo wa mshitiri ulianzia mkoa huu huu wa Dodoma mwaka 2014, kabla haujaenea nchi nzima, kwa hiyo mfawidhi wa Dodoma anayesema haujui ana lake jambo. Majibu hayo yanatoa maswali matatu tofauti kabisa, kwa watu watatu tofauti, na moja kati yake halihitaji Bunge hata kidogo.

Sasa andikeni. Swali la msingi likae kwenye sentensi moja. Lile la mazoea linasema hivi: "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa Zahanati ya Kijiji cha fulani?" Nimeyaandika mengi ya aina hiyo, na jibu lake nalijua kwa moyo kama sala ya jioni: Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo na itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Hapo mmekwisha.

Badilisheni. "Je, kati ya shilingi milioni 50 zilizoidhinishwa mwaka wa fedha fulani kwa ajili ya kukamilisha boma la Zahanati ya Kijiji cha fulani, kiasi gani kimetolewa hadi sasa, na kilichobaki kitatolewa lini?" Tazameni kilichotokea. Hatuiombi Serikali itenge. Imeshatenga, Bunge limeshapitisha. Tunauliza kilichotoka. Fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa ni ndugu wa baba mmoja, ila mmoja anaishi kwenye kitabu na mwingine ndiye anayenunua bati. Ugomvi wa bajeti ya afya, ukiuvua mapambo yote, uko katikati ya hao wawili.

Uthibitisho kwamba ilitengwa mnaupata kwenye Kitabu cha Nne cha bajeti, kile cha miradi ya maendeleo, au kwenye mpango wa halmashauri yenu. Mheshimiwa anazo pia randama, nyaraka ambazo wizara hupeleka kwa wabunge zikifafanua kila fungu. Muombeni katibu wake awatolee nakala ya ukurasa wenu. Mimi nilikuwa natoa, ila ni watu wawili tu walioniomba kwa miaka yote hiyo.

Kazi haijaisha. Jibu likishasomwa, mbunge mwenye swali ana maswali mawili ya nyongeza, na huko ndiko waziri anabanwa, kwa sababu jibu hilo hakuja nalo kwenye karatasi. Mwandalieni Mheshimiwa njia mbili. Naibu Waziri akisema fedha zimetoka, ya nyongeza ni: zilipokelewa tarehe gani, kwenye akaunti ipi? (Mmeshaona taarifa ya benki, kwa hiyo mnajua kama anasema kweli.) Akisema hazijatoka, ya nyongeza ni: je, deni hilo limeingizwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, au kijiji kianze upya foleni? Mimi niliziandika kwenye kadi mbili, moja nyeupe na moja ya njano, maana pale ndani mtu akishasimama hana muda wa kusoma aya. La pili la nyongeza mwachieni Mheshimiwa, ana vijiji vingine.

Wakati nao una mlango wake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Wengi hukumbuka zahanati mwezi Mei wakisikia hotuba redioni, wakati huo chungu kiko mezani watu wananawa. Kama mnataka mradi mpya, uingie kwenye mpango wa zahanati na wa kata kabla ya Krismasi, kwa sababu Baraza la Madiwani linapitisha bajeti ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo, mkamateni huko kwanza. Machi kamati za Bunge zinachambua mafungu. Aprili Bunge la Bajeti linaanza, TAMISEMI huja mapema, Afya mara nyingi Mei. Aprili hiyo hiyo ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwekwa mezani: tafuteni jina la halmashauri yenu kwenye ile ya serikali za mitaa. Hoja ya ukaguzi kuhusu dawa au ujenzi ikiwemo, ibandikeni kwenye swali lenu.

Na ndani ya majadiliano ya wizara kuna shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, likifika kwenye mshahara wa waziri, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Ndiyo kushika shilingi. Waziri hafi njaa kwa shilingi moja, lakini hoja inajadiliwa mbele ya wote, na kwa kawaida waziri anatoa ahadi kisha mbunge anairudisha. Hiyo ahadi ndiyo bei ya shilingi. Mwambieni Mheshimiwa asiirudishe kwa "tutalifanyia kazi". Airudishe kwa tarehe. Baada ya hapo, mwezi Juni, bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja. Msitegemee mtu aseme "hapana" kwa ajili ya boma lenu. Bunge likiikataa bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Kama mkate wenu ni wa kuiva, uwe umeiva kabla ya siku hiyo.

Neno la pembeni kwa vijana wasomi. Mlikuwa mnaniletea Azimio la Abuja la 2001, lile la nchi za Afrika kuahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ni hoja nzuri kwa mchango wa Mheshimiwa kwenye bajeti kuu. Kwenye swali la zahanati inampa waziri nafasi ya kuhutubia Afrika nzima huku bati lenu likibaki dukani. Bima ya Afya kwa Wote nayo, ambayo Bunge lilipitisha muswada wake Novemba 2023, iulizeni kwa upande unaowagusa: mwanachama akitibiwa zahanati kwenu, hela yake inarudi kwenye akaunti yenu baada ya siku ngapi?

Kama mbunge wa jimbo amewachoka, au nyinyi mmemchoka, wapo wa viti maalum wa mkoa. Wanauliza maswali bungeni sawasawa na wengine, na wengi wao hupenda habari za wodi za wazazi kuliko habari za barabara.

Swali likishajibiwa, subirini Taarifa Rasmi, yaani Hansard, kwenye tovuti ya Bunge. Tafuteni tarehe, chapeni ukurasa ule mmoja, pigieni mstari ahadi. Yule mzee wa chupa ya soda alirudi kibarazani mwaka uliofuata, safari hii kwa swali la nyumba ya mganga, taarifa ya benki ikiwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na mahindi ya kuchoma. Swali lilijibiwa Mei, na tarehe ikatajwa. Nilimchapia nakala mbili, akaomba ya tatu. Nikamuuliza, baba, hii ya nani?

"Ya mfawidhi ajaye," akasema. "Huyu wetu wa sasa nasikia anahama."