Zawadi za Krismasi za kutengeneza mwenyewe hela ikiwa imekaza

Kama mwaka huu mfuko umekaza na bado kuna watu unatamani wafungue kitu kutoka kwako siku ya Krismasi, kaa hapa kidogo tuongee. Mimi nimeshatoa zawadi za kununua na za kutengeneza kwa mikono yangu, na zile ambazo watu bado wanazitumia mpaka leo ni zile ambazo kabla sijashika mkasi nilikuwa nimeshajua nampa nani na ataitumia wakati gani. Wengi wetu tunaanza kutafuta kitu cha kutengeneza alafu ndo tunatafuta wa kumpa, matokeo yake unatengeneza mishumaa 8, kumbe nusu ya watu wako hawawashagi mishumaa kabisa.

Kwa hiyo anza na karatasi na kalamu. Andika majina, na mbele ya kila jina andika kitu kimoja ulichomsikia mwenyewe akikisema miezi hii ya karibuni, hata kama alikisema kwa kupita tu: ngozi inanikauka, miwani sijui nimeiweka wapi, sijalala vizuri tangu mtoto azaliwe, nimemkumbuka sana baba. Zawadi iko humo humo kwenye hayo maneno. Ukikosa cha kuandika mbele ya jina la mtu, mpigie simu umsalimie, msikilize, atasema tu. Na usione aibu kupunguza majina, kuna watu kadi yenye mistari mitano uliyoiandika kwa mkono inawatosha na wataitunza.

Baada ya hapo pita nyumba nzima uone una nini. Chupa za jemu, mashati yasiyovaliwa, vitenge na mashuka yaliyochakaa pembeni tu, vifungo, nyuzi, madaftari yaliyoandikwa kurasa mbili, picha za zamani. Chupa ziloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kama nusu saa lebo itoke, gundi ikibaki ipake mafuta ya kupikia uiache dakika chache alafu usugue, inatoka yote. Muhimu zikauke kabisaaa, yaani hata tone la maji lisibaki chini ya mfuniko, nitakwambia kwa nini.

Sasa nianze na ninayoipenda kuliko zote, mto wa kochi wa shati la mtu. Nilimshonea shangazi kwa shati la marehemu mume wake, akaushika akanyamaza muda mrefu, kidole chake kikawa kinapita kwenye kile kifungo cha tatu ambacho yeye mwenyewe alishawahi kukirudishia kwa uzi wa rangi tofauti. Sikukibadilisha kile kifungo, na wewe usirekebishe vitu kama hivyo, ndo vyenyewe. Kama shati ni la marehemu muulize kwanza aliyebaki nalo kama yuko tayari likatwe, usimfanyie sapraizi hapo.

Kushona kwake ni rahisi kuliko unavyodhani. Fua shati, lipige pasi, lifunge vifungo vyote, alafu ligeuze ndani nje. Lilaze mezani upande wa vifungo ukiwa juu, mstari wa vifungo uwe katikati. Kwa mto wa sentimita 40 chora mraba wa sentimita 43 kila upande, ile ya ziada ni nafasi ya mshono. Bana tabaka zote mbili kwa pini zisiteleze, kata zote kwa pamoja, alafu shona pande zote nne ukiacha sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni. Ndio, zote nne, usiache tundu, kwa sababu mlango wa mto ni vile vifungo vyenyewe. Huna cherehani? Shona kwa mkono, sindano ikienda mbele hatua moja irudi nusu hatua nyuma, mshono huo unakaza vizuri ila unachukua jioni mbili. Kata ncha za kona bila kugusa uzi, fungua vifungo, geuza, weka mto ndani, funga vifungo, basi. Siku ya kufua anafungua vifungo anatoa. Kama shati lina mfuko wa kifuani jitahidi mfuko wote uingie kwenye mraba, hapo unaweka kikaratasi chako. Vipande vinavyobaki vinatosha kifuko cha miwani cha yule anayepoteza miwani kila siku.

Zawadi za chupa ndo zinakuokoa ukiwa na watu wengi maana unatengeneza nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwa mwenye ngozi kavu tengeneza skrabu, yaani mchanganyiko wa kusugulia ngozi: kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha mafuta ya nazi au ya zeituni, koroga mpaka iwe kama mchanga uliolowa, jaza chupa. Ikiwa laini sana ongeza sukari kidogo. Hapa ndo maji yanapoleta shida, sukari ikipata unyevu inaota ukungu, kwa hiyo andika kwenye lebo achote kwa kijiko kikavu, asitumie pale ngozi ilipochubuka, na kama anatumia bafuni awe makini sakafu inateleza. Tengeneza wiki ya mwisho ili aipate ikiwa mpya.

Anayependa kinywaji cha moto mchanganyie kakao: maziwa ya unga vikombe 2, unga wa kakao kikombe 1, sukari kikombe 1 na chumvi kidogo tu ya kubana kwa vidole. Ile kakao ichekeche kwanza, ina mabonge ambayo hayayeyuki kirahisi. Kwenye lebo andika vijiko 3 vya chakula kwa kikombe cha maji ya moto, na uandike tarehe ya kuisha ya kile kiungo kinachowahi kuisha. Kitu kimoja naomba usigawe: chupa ya mafuta yenye vitunguu saumu vibichi au majani mabichi ndani. Inapendeza kwa macho lakini ikikaa nje ya friji inaweza kuzalisha bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu kwenye chakula, na sumu yake hauisikii kwa harufu wala kwa ladha.

Kuna watu wamejaa vitu, wanachokosa ni msaada. Huyu aliyezaa mpe kadi ya ahadi, lakini ahadi yenye tarehe. Ukiandika tu nitakusaidia na mtoto siku moja, hatakuomba kamwe, ataona anakusumbua. Andika Jumamosi ya pili ya Januari nakuja saa tatu asubuhi nakaa na mtoto mpaka saa saba mchana wewe ulale, na ile tarehe iweke kwenye simu yako na kengele kabisa, maana ahadi ya zawadi ukiivunja inauma kuliko kutotoa.

Kama mama au bibi yenu anapika kitu ambacho familia nzima inakililia, waandikie wadogo zako daftari la mapishi yake. Usimwulize kwa mdomo atakwambia weka kiasi. Kaa naye jikoni siku anapika, na kila akitaka kutupia kitu sufuriani kwa kiganja mwombe akimwage kwanza kwenye kijiko au kikombe, pima, andika, alafu endeleeni. Maneno yake yaandike kama anavyoyasema. Hilo anza mapema, Novemba ikiwezekana, mapishi 10 ni siku nyingi za kukaa jikoni.

Kufungia usinunue karatasi. Chukua kipande cha kitenge au shuka la zamani, kikate mraba ambao kipimo chake kutoka kona hadi kona ni kama mara 3 ya upande mrefu wa zawadi. Weka zawadi katikati ikiwa imekaa kimshazari, kunja kona mbili juu yake, zile mbili zilizobaki zifunge fundo. Kitambaa chenyewe atafungia kingine mwakani. Za chupa zikatie utepe wa kitambaa hicho hicho shingoni, jina andika nyuma ya lebo, na usiku wa tarehe 24 hakikisha umekaza mifuniko yote kabla hujazipanga kwenye mfuko.