Kabla hujaanza kozi mseto

Wengi wanaojiunga na kozi mseto, yaani nusu darasani na nusu mtandaoni, huingia wakiamini wamepunguziwa masomo. Siku za kukaa darasani ni chache, kwa hiyo wanaona kazi nayo itakuwa chache. Nimekuwa mwezeshaji wa kozi za namna hii kwa miaka kadhaa, na natamani kila mwanafunzi aiache dhana hiyo kabla hajalipa ada.

Anza kwa kupiga hesabu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo mna vipindi, kusoma mwenyewe, mazoezi na mitihani. Somo la krediti 12 lina saa 120. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kila wiki. Masomo manne ni saa 32 kwa wiki, nawe bado una ajira na watoto wa kuandaa asubuhi. Chukua karatasi uandike saa hizo zitatoka wapi, siku kwa siku. Zisipopatikana kwenye karatasi, hazitapatikana muhula ukianza. Afadhali uchukue masomo mawili, kama chuo chako kinaruhusu, uyamalize vizuri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwapo tangu 1992, na watu wazima wengi wamesoma pale kwa mwendo wao huku wakifanya kazi. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Ukishapata saa zako, waambie watu wa nyumbani. Mwenzako, au mama kama bado unaishi kwake, ajue kwamba Jumanne na Alhamisi usiku upo darasani ingawa umeketi sebuleni. Usipowaambia, utatumwa dukani katikati ya kipindi, na huwezi kuwalaumu.

Kuhusu vifaa, simu inatosha kusoma na kusikiliza, ila kuandikia kazi ya kurasa kumi ni mateso. Kama huna kompyuta, tafuta mapema utakayoazima: kazini, maktaba, au kwenye kituo cha mkoa kama chuo chako kina vituo. Bando nalo lipangie. Saa moja ya Zoom yenye picha inaweza kula GB nzima, hivyo zima kamera yako pale usipotakiwa kuonekana. Chuo kikitumia Moodle, yaani mfumo wa kuwekea masomo na kazi mtandaoni, weka programu yake kwenye simu, upakue masomo ya wiki nzima ukiwa mahali penye Wi-Fi, kisha usome hata ukiwa ndani ya daladala bila kuwasha data.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo nimeona machozi. Mfumo utaandika kwamba kazi inafungwa Jumapili, 11:59 PM. Hiyo kwetu ni saa 5:59 usiku wa kuamkia Jumatatu. Lakini mfumo mwingine utaandika Jumatatu, 12:00 AM, yaani saa sita ya usiku huohuo wa kuamkia Jumatatu. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi mwenye bidii sana, alisoma "Jumatatu, saa 12" akajua ana siku nzima mpaka magharibi. Alipotoka zamu Jumatatu mchana na kufungua kompyuta, kazi ilikuwa imefungwa tangu saa sita ya usiku uliopita. Tangu siku hiyo kila darasa langu huanza na zoezi la kuandika tarehe zote za muhula upya kwa saa za Kiswahili, kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na neno "kuamkia" panapohitajika. Kagua pia kama akaunti yako imewekwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu Moodle huonyesha muda kwa kufuata mpangilio wa akaunti ya kila mtu.

Jambo jingine dogo lenye gharama kubwa: kupakia faili si lazima kuwe ndiyo kuwasilisha. Kozi nyingine zimepangwa hivi kwamba faili hubaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha mwisho. Usiondoke kwenye ukurasa kabla hujaona maneno "Submitted for grading", kisha piga picha ya skrini uihifadhi. Kwenye jaribio la mtandaoni, mtandao ukikatika ingia tena uendelee pale ulipofikia, usipoteze dakika ukilalamika kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu saa ya jaribio haisimami kukungoja. Nenosiri lijaribu wiki moja kabla ya masomo kuanza, wakati mtu wa kukusaidia bado ana nafasi.

Imebaki siku ya ana kwa ana. Usije ukitarajia mada ifundishwe upya toka mwanzo. Mada uliachiwa mtandaoni, na siku hii ni ya kuuliza, kubishana na kufanya mazoezi mkiwa pamoja. Ninaumia ninapomwona mtu amesafiri kwa basi usiku kucha, amelipa nauli na malazi, halafu anakaa kimya hadi jioni kwa sababu hakufungua hata somo la kwanza. Beba daftari dogo la maswali. Kila unapokwama wakati wa kusoma, andika ukurasa wenyewe, sentensi iliyokushinda na ulivyojaribu kuielewa. Mwanafunzi akinifungulia daftari kama hilo, dakika tano zinatosha kumtoa pale alipokwama wiki nzima.