Mtu kaanguka na boda, uso umeumia: fanya hivi

Wana Arusha na Moshi, boda zinatuharibu nyuso, helmeti tunazo ila zinaning'inia kwenye usukani. Ukimkuta mtu kaanguka usimlaze chali, damu itamziba pumzi. Kama anajitambua na shingo haimuumi mkalishe ainame mbele ateme, kama hajitambui mgeuze ubavu taratibu, kichwa na mwili pamoja. Panapovuja kandamiza kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia chungulia, na majivu au kahawa kwenye kidonda nawaomba sana acheni.

Jino la ukubwani limeng'oka zima? Tafuteni hapo hapo chini, lishike upande wa kutafunia usiguse mzizi, usilisugue, litie kwenye maziwa kimbia kwa daktari wa meno, ndani ya saa 1 bado lina nafasi ya kurudi.

Mwambie aume meno, yasipokutana kama zamani au akiona vitu viwili viwili basi huenda mfupa umevunjika, mpeleke hospitali ya Mount Meru (Arusha) au KCMC (Moshi) na asile kitu njiani. Taya ikifungwa waya ni kama wiki 4 hadi 6, mdogo wangu alikunywa mtori wa kusaga kwa mrija mpaka zikatolewa.