Fizi zikitoka damu na una mimba, mswaki usiuwache

Mdogo wangu akiwa na mimba ya miezi mitano, asubuhi moja hapa Langoni, Lamu, nikamkuta kwenye karo anatazama povu la mswaki limegeuka jekundu jekundu, kaingiwa na hofu, akaniambia dada mi nawacha kupiga mswaki mpaka nijifungue. Nikamwambia hapana mamii, hapo ndo utaziharibu.

Manake iko hivi, ukiwa na mimba homoni zinapanda na fizi zinakuwa nyepesi kuvimba, uchafu kidogo tu ukiganda kwenye shina la jino damu inatoka, sasa ukiwacha kusugua uchafu unazidi na damu nayo inazidi. Tafuta mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, piga asubuhi na usiku kabla ya kulala, dakika 2 nzima, uulaze kidogo nywele ziguse pale jino linapokutana na ufizi uzungushe taratibu. Mswaki wa mti mzuri pia, utafune ncha ilainike, ila usiuwachie kazi yote.

Wanaotapika nisikizeni sana. Ukimaliza kutapika usikimbilie mswaki! Ile asidi ya tumboni imelainisha jino kwa juu, ukisugua hapo hapo unalikwangua jino lenyewe. Tia kijiko kidogo cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji (si bekingi pauda, wala si magadi ya maharage), sukutua uteme, ngoja kama saa moja ndo upige mswaki. Na kama harufu ya dawa ya meno ndo yakutapisha, badilisha aina.

Halafu hamu za mimba jamani, mabuyu ya rangi, ukwaju, embe la chumvi na pilipili. Kula, lakini si kumung'unya toka adhuhuri mpaka magharibi, kula mara moja usukutue yaishe. Tambuu ya popoo iwacheni kabisa, si nzuri kwa mtoto. Na yale maneno ya kila mtoto na jino lake, kwamba mtoto hunyonya meno ya mamake, si kweli, meno yaoza kwa sukari na asidi na kutosuguliwa.

Daktari wa meno nenda mwezi wowote, ila wa 4 mpaka wa 6 ndo rahisi, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito la kulala chali. Ganzi na picha ya meno zafanyika, we mwambie tu una mimba ya miezi mingapi, umuonyeshe na kitabu cha kliniki. Jino likiuma meza paracetamol, usijinunulie ibuprofen wala aspirini, na tetracycline, ile dawa ya kuua bakteria, usiiguse, yaharibu rangi ya meno ya mtoto.

Shavu likivimba na homa juu, hapo ni kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Wa Pate na Faza mwajua boti zangoja maji yajae, kwa hivyo likianza tu kuvimba piga simu uulize boti yatoka saa ngapi.