Nyasi Zikigeuka Njano, Usikimbilie Yuria

Ukoka wa mbele ya nyumba ukianza kuwa njano, wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua yuria, mbolea ya nitrojeni. Kwa nyumba za mwambao wa bara na visiwani, mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Kabla hujafungua mfuko, piga goti uchume majani machache.

Tazama njano imeanzia wapi. Nitrojeni ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga, kwa hiyo ya chini ndiyo hutangulia kupauka, na jani hupauka lote. Lakini ukiona majani machanga ndiyo ya njano, na ndani yake mistari myembamba ya kijani imenyooka toka shina hadi ncha, hiyo ni njaa ya chuma. Udongo wa mwambao uliotokana na matumbawe una chokaa nyingi. pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa udongo, ikipanda juu ya 7.5, chuma kinakuwemo ardhini lakini mizizi haikipati. Ukimwaga yuria hapo, unahimiza majani mengine yaote na njaa ileile.

Ndiyo maana nawasihi watu wapime udongo. Usishangae cheti cha maabara kikirudi bila kueleza naitreti ni kiasi gani. Naitreti, umbo la nitrojeni ambalo mizizi hulifyonza, huondoka na maji ya mvua, na vijidudu vya udongo hutengeneza nyingine, hivyo kipimo cha leo baada ya wiki mbili hakina maana. Cheti kitakupa pH, fosforasi, potasiamu na mboji. Nitrojeni unaipanga kwa aina ya nyasi na miezi zinapokua.

Chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 10, ukikata bustani kwa zigizaga. Tumia ndoo ya plastiki, maana ndoo ya bati huacha zinki kwenye sampuli. Ruka mahali mafundi walipokorogea saruji. Hapo pH hudanganya kabisa. Changanya, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo. Tanzania kuna maabara za udongo TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano, Tanga, na SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Morogoro. Kenya kuna KALRO (Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo) Kabete.

Ukoka wa nyumbani unatosheka na gramu 10 hadi 20 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka. Usivuke gramu 5 kwa mkupuo mmoja. Yuria ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kwa mkupuo huo mita 100 za mraba zinahitaji kilo 1.1 tu. SA (salfeti ya amonia), yenye asilimia 21, itakuwa kilo 2.4. Kwenye matumbawe mimi huchagua SA: hushusha pH kidogo karibu na mizizi, lakini SA au yuria, yoyote ikiachwa juu ya udongo wa namna hiyo, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Rusha nusu ukienda urefu, nusu ukienda upana, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo. Masika yakinyesha kwa nguvu, subiri.

Nyasi ulizokata ziache zilale palepale, zitarudisha sehemu nzuri ya nitrojeni. Na cheti kikithibitisha pH ya juu, nyunyizia majani jioni salfeti ya chuma iliyoyeyushwa kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, ukisuuza haraka matone yoyote yaliyoangukia vigae, kwa sababu doa lake la kutu ni gumu kutoka.